Anti, nko mwaka wa tatu wa fainansi na kila mtu anivuta kwake

Assalam aleikum Anti, natumai u mzima. Mimi ni msichana wa miaka 21, nakaa Kisauni, nasoma BCom (digrii ya biashara) hapa hapa Mombasa na sasa nko mwaka wa tatu. Tulipoambiwa tuchague upande mimi nkachagua fainansi manake hesabu naziweza, na nseme ukweli, pia jina lenyewe lilikuwa latamba. Sasa naona kama nimejitia mahali sijui ntatokea wapi.

Wenzangu waloenda uhasibu wanicheka, wasema wao wakimaliza ni wahasibu na kila ofisi yataka mhasibu, hata msikiti una mhasibu, sasa wewe wa fainansi utaitwa nani? Wallahi sikuwa na jibu. Kuna dada mmoja mtaani kwetu alimaliza fainansi na yeye ndie alokuwa bingwa wa darasa lao, leo azunguka maofisini na fulana ya kampuni auza bima kwa komisheni, asipouza halipwi. Nikimuona nabadili njia, si kwa ubaya, naogopa tu.

Halafu kuna ami yangu, mdogo wake baba, ambae ndie anilipia nusu ya karo. Juzi amejua kuwa ni fainansi nasoma (yeye alidhani ni "biashara" tu) akaja mpaka nyumbani, asema hio ni elimu ya riba, na alokula riba na mlipaji na mwandishi wake na mashahidi wote wamelaaniwa, na hataki pesa yake iende huko. Baba akanyamaza. Baba ni karani wa makaratasi kwenye ofisi ya klearingi, ya kutoa mizigo bandarini, miaka mingi, kwake yeye kazi ni kazi.

Nna elfu kumi na nane nimeziweka, nyingine ni za HELB (mkopo wa serikali wa wanafunzi) na nyingine za kupaka watu hina. Kijana mmoja twasoma nae anambia niingie darasa la foreksi, kukisia bei za sarafu, la elfu kumi na tano, wiki sita tu, asema mwalimu wao hajaajiriwa maisha yake na ana gari. Mwengine asema nizitie kwa CPA, ile mitihani ya uhasibu. Mwengine asema CPA ni ya watu wa zamani, nende CFA, ile ya wachambuzi wa uwekezaji, moja kwa moja manake hio ndio ya dunia nzima.

La mwisho ni atachimenti, yale mafunzo ya kazini, twaenda mwezi wa tano. Binamu yangu Nairobi aweza kunitilia benki, tawi la mtaani kwao, na ntakaa kwake. Na baba amenitafutia kwa rafiki yake, kampuni ya ghala na kusafirisha chai huko Shimanzi, hawalipi ila wanatoa nauli na chakula cha mchana. Wote wanambia Nairobi. Mimi mwenyewe naona nikienda kukaa na magunia ya chai ntakuwa nimeiharibu digrii yangu.

Nihame nende uhasibu ama nibaki? Pesa nizitie wapi? Na ami nimwambieje bila kumkosea adabu?

Binti wa Kisauni


ANTI AJIBU

Wa aleikum salaam mwanangu. Hapo pa msikiti una mhasibu nilicheka peke yangu, halafu nikarudia kusoma nikaona hao wenzako wana hoja na ntaifikia.

Kwanza kuhama, usihame. Uko mwaka wa tatu, yuniti zenu za mwanzo zilikuwa moja na hata sasa nyingi mwakaa darasa moja, ukihama utarudia semista kwa ajili ya neno moja kwenye cheti. Mwenye ofisi akitafuta mhasibu haangalii digrii yako ilielemea upande gani, akuuliza CPA umefika wapi, na swali hilo hata wewe wa fainansi waweza kulijibu ukitaka. Ila ujue tofauti ya kazi zenyewe: mhasibu yuwashughulika zaidi na pesa ambazo tayari zishatumika, azipange, azikague, afunge vitabu. Wewe wafundishwa kuuliza kabla hazijatoka, ziende wapi, zikopwe kwa nani, kwa bei gani, na zikipotea hasara itamuangukia nani.

Pale wenzako walipokupata ni kwamba kozi yako haina cheo kinachokungoja mlangoni. Aliyesomea uuguzi ana wodi. Wewe lazima uchague ni pesa za shughuli gani utazijua kushinda wengine, ni za mikopo, ni za bima, ni za bandari, ni za mahoteli, na usipochagua utachaguliwa tu, na mara nyingi anayekuchagulia ni yule mwenye fulana na komisheni. Huyo dada wa mtaani wala usibadili njia ukimuona, msimamishe umuulize, manake kuuza kwafundisha mambo ambayo darasani hakuna na watu wengi wa benki walianzia huko huko. Kibaya ni kuuza bila mshahara na bila mtu wa kukufundisha. Muulize pia ile atachimenti yake alifanyia wapi, nahisi jibu litakusaidia kuliko langu.

Sasa hii Mombasa yetu. Mwafundishwa fainansi kama vile yote iko Nairobi, na ni kweli soko la hisa liko Nairobi tangu 1954, makao ya benki yako huko, wanaosimamia mifuko ya pensheni wako huko, kwahivyo ukitaka kuwa mchambuzi wa hisa na bondi kuna siku utapanda treni, hilo sikufichi. Lakini wewe umezaliwa na bandari ya Kilindini. Kila kontena unaloliona likipanda Makupa lina mtu aliyekopa kulinunua, na mtu aliyelikatia bima, na mtu anayeomba dola isipande kabla hajalilipia, na hao wote wanahitaji mtu anayejua hesabu zako. Hii ndio fainansi ambayo mtoto wa Mombasa anaijua nusu kabla hajaingia darasani na bado tunaikimbia.

Mimi nilikaa dawati la biashara za nje kwenye benki moja pale Nkrumah Road kabla sijaacha, acha nikwambie kazi ilivyokuwa. Mfanyabiashara wa hapa ataka mchele wa Karachi. Muuzaji hamjui, hatatuma mchele bila pesa, na huyu wa hapa hatatuma pesa bila mchele. Ndio yaingia LC (barua ya dhamana ya benki), benki yamuahidi muuzaji kuwa akileta makaratasi yaliyo sawa atalipwa. Makaratasi mwanangu, si mchele! Sheria za UCP 600, kanuni za kimataifa za hizi LC, zinazotumika tangu 2007 zasema wazi kuwa benki zinashughulika na hati, hazishughulikii mzigo, na benki ina siku tano za kazi kuzikagua. Kwahivyo waketi na ankara na hati ya meli na cheti cha bima wasoma neno kwa neno, na mzigo kwenye ankara ukielezwa tofauti na ulivyo kwenye LC, benki yaweza kukataa kulipa na mtu wa Karachi asilale. Sasa niambie, nani nyumbani kwenu ameshika makaratasi ya meli miaka na miaka? Huyo baba aliyenyamaza, wewe mkalishe chini jioni moja akueleze hati ya meli inavyosomwa, wahadhiri wako wengi hawawezi.

Bima pia usiidharau kwa sababu ya ile fulana. Tangu 2017 waagizaji wa Kenya watakiwa kukata bima ya mzigo wa baharini kwa kampuni zilizosajiliwa hapa nchini, zamani bei ilikuja na bima ya huko huko ng'ambo ndani yake. Kuuza sera ni kazi moja, kukadiria hatari ya mzigo na kupima madai ni kazi nyengine, na hio ya pili ni ya mtu wa hesabu.

Na chai. Hapa ndipo nataka unisikize vizuri manake umeandika "magunia ya chai" kama mtu aliyeonewa. Mnada wa chai wa Mombasa huuza chai ya Kenya na ya majirani kina Uganda na Rwanda, mnunuzi mkubwa wa chai yetu ni Pakistan, na bei yote ni kwa dola. Mkulima na kiwanda gharama zao ni shilingi, mbolea, kuni, mishahara. Umeiona shida iko wapi? Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Februari serikali ikaenda kukopa dola bilioni 1.5 nje ili ianze kulilipa lile deni la dola bilioni 2 lililokuwa laiva mwezi wa sita, hofu ya watu kuwa deni halitalipika ikatulia, shilingi ikapanda, na kufika Aprili dola iko karibu 130. Chukua karatasi. Kilo elfu kumi za chai kwa dola mbili na nusu ni dola 25,000. Kwa 160 hizo ni milioni nne. Kwa 130 ni milioni tatu na laki mbili na nusu. Chai ni ile ile, kilo ni zile zile, mnunuzi amelipa bei ile ile, na laki saba na nusu zimepotea kwenye kubadilisha pesa tu. Mwenye mzigo angefanya nini Januari ili asiumie? Angeuza dola zake mapema kwa mkataba na benki? Angekopa kwa dola ili deni nalo lipungue? Na kama dola ingepanda badala ya kushuka angejilaumu? Hilo ndilo somo la hatari ya sarafu ambalo darasani mwalikariri kwa mifano ya kampuni za Chicago, na liko Shimanzi, na nauli wakupa.

Kwahivyo mimi nasema Shimanzi. Nairobi si mbaya, lakini hujapewa Nairobi ya soko la hisa, umepewa tawi la mtaani. Kwenye tawi mwanafunzi wa atachimenti apanga mafaili, asaidia wateja kujaza fomu, siku nyengine atumwa nje kutafuta watu wa kufungua akaunti, na maamuzi makubwa ya pesa za benki, dola na bondi, hufanywa makao makuu ambako hata meneja wa tawi haingii. Ila Shimanzi usiende ukatupwa kwenye kuhesabu magunia mpaka Agosti ama kutumwa mahamri kila saa nne (watakutuma, nenda siku mbili tatu kwa heshima halafu uwe na shughuli). Kabla hujaanza, muombe baba amwambie rafiki yake akuweke angalau mwezi mmoja na mtu anayetoa ankara na kufuatilia malipo ya dola. Mradi wako wa mwisho andika kuhusu hilo hilo: kampuni ilipoteza ama ilipata nini kwenye dola mwaka mzima, ukiruhusiwa kutumia hesabu zao bila kutaja majina. Mtu akikuuliza kwenye intavyuu wewe wa fainansi wafanya nini, wamuonyesha hio, khalas.

Pesa zako sasa. Foreksi hapana, na sitakuzungusha. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walitoa hesabu kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida wanaocheza hizi za kukisia bei kwa pesa za kuazimwa hupata hasara, na huko ni kwenye kampuni zenye leseni. Hapa kwetu kuna kanuni tangu 2017 na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina orodha ya madalali wenye leseni, muulize huyo kijana dalali wao ni nani kisha umtafute kwenye orodha hio. Mwalimu kama foreksi yamlipa mpaka ana gari, elfu kumi na tano zako za hina azitakia nini?

CFA ni nzuri, sio uongo, lakini sio ya elfu kumi na nane. Daraja la kwanza peke yake ni kama dola elfu moja ama zaidi, yaani laki na kitu, kuna madaraja matatu, na wanaopita la kwanza kwa kawaida ni chini ya nusu. Ukimaliza yote bado wataka saa 4,000 za kazi inayohusika katika muda usiopungua miezi 36 ndio wakupe cheti. Yawezekana kuanza ukiwa umebakisha miezi 23 umalize chuo, kwahivyo hujachelewa wala huna haraka, na tena ni cheti cha watu wa uwekezaji, ukiamua kuwa wa bandari hutakihitaji. Aliyekwambia CPA ni ya watu wa zamani mpuuze. KASNEB, bodi ya mitihani ya CPA, wako tangu 1969 na kila mwajiri wa hapa awajua, na hao hao wana CIFA ambayo ni ya wachambuzi wa uwekezaji, yalipwa kwa shilingi na ina sheria yake tangu 2015, sijui kwa nini wanafunzi wa fainansi hawaitaji kabisa. Lakini hata hizi usiandikishe leo. Ukimaliza digrii waweza kuomba usamehewe baadhi ya karatasi, sasa mbona ukae mtihani wa kitu utakachosamehewe? Ingia kwenye tovuti yao uangalie karatasi gani zitabaki kwa kozi yako, ndio uamue.

Kwahivyo elfu kumi na nane zikae. Toa kidogo ujifunze Excel sawasawa, sio ile ya kupaka rangi vichwa vya jedwali, namaanisha uweze kujenga hesabu ya kampuni ambayo ukibadili bei ya dola seli moja kila kitu chabadilika chenyewe. Hio ya chai niliyokupa uanze nayo. Mafunzo mengi ya bure yako kwenye intaneti, shida ni bando tu. Na kumbuka sehemu ya HELB ni deni, lina asilimia 4 kwa mwaka na litakuja kukudai ukimaliza. (Ami hajasema kitu kuhusu hio asilimia 4, na mimi sikukwambia umkumbushe.)

Haya, ami. Mwanangu, usiende kwake na majibu ya kumshinda. Anakulipia karo na aliyoyasema ameyatoa kwenye hadithi inayojulikana, mwandishi wa riba ametajwa ndani, kwahivyo si mtu wa kumwambia "ami zama zimebadilika". Mimi si sheikh na hukumu ya kazi gani inafaa na ipi haifai uliza wenye elimu, tena ni vyema mwende pamoja nae. Unachoweza kumueleza ni kile ambacho pengine hajakijua: kuwa kusomea pesa sio lazima ukakopeshe kwa riba. Kuna hesabu za mahoteli, za forodha, za kaunti, za maghala. Na kuna benki za Kiislamu, mbili za kwanza Kenya zilifungua 2008, takaful (bima ya Kiislamu) ikaja 2011, na zote hizo zataka watu waliosoma fainansi manake murabaha haijihesabu yenyewe. Benki yanunua gari, yakuuzia kwa bei ya juu mliyokubaliana, walipa kidogo kidogo, sasa nani atapanga bei hio, nani atahakikisha kweli benki imelimiliki gari kabla ya kuliuza na sio makaratasi tu? Kuna taasisi inaitwa AAOIFI iko Bahrain tangu 1991, ndio huweka viwango vya uhasibu na ukaguzi wa mabenki haya na hutoa vyeti vyake. Mwambie ami kuwa wafikiria huko ikiwa kweli wafikiria, kama hufikirii usimwambie, atakuja kukuuliza kila Idi.

Na usiende peke yako. Nenda na baba, hata akinyamaza tena, akiwa ameketi tu hapo ni tofauti. Mueleze kuwa atachimenti ni kwenye chai Shimanzi, hapo naona nusu ya hasira itapoa manake chai ni biashara anayoijua. Ila usimdanganye kuwa huko hakuna mikopo, wafanyabiashara wa chai hukopa kama wengine, na akigundua baadae utakuwa umeharibu zaidi.

Barua ya atachimenti ichukue kampasi mapema, sio wiki ya mwisho mwakanyagana mlangoni, na uulize bima ya mwanafunzi imo ama haimo, ofisi nyingi za upande huo wa bandari huitaka kabla hazijakupokea. Binamu wa Nairobi mpigie mwenyewe umshukuru, usimtumie meseji, manake ukimaliza mwaka wa nne huenda ukamhitaji.